Kura ya Anselmo Galang

Kwanza niseme kwamba mimi si mtu wa kuona mizimu. Nauza dagaa na unga wa muhogo kwenye duka la Mkongo mmoja pale Grant Street, Buffalo, na mteja akiniletea habari za majini namwambia anipishe, foleni ni ndefu. Kwa hiyo haya ninayoandika kuhusu Spés nayaandika kwa shingo upande. Kama nisingekuwepo, ningesema anatunga.

Spés ni mdogo wangu wa kambini. Hatukuzaliwa tumbo moja; tulikulia foleni moja, kule Mtabila, kambi ya wakimbizi mkoani Kigoma, ambako sisi Warundi tulijifunza kupanga mstari kabla ya kujifunza kusoma. Siku hizi anaishi Newburg, Louisville, jimboni Kentucky, na kazi yake ni kutunza wazee majumbani. Ni mwanamke mpole, mnene kidogo, anaimba sauti ya pili kwaya, na hajui kusema hapana. Hilo la mwisho ndilo lililotuletea mambo.

Mzee aliyemtunza alikuwa Mfilipino, Mwalimu Perpetua Galang, mwenye miaka themanini na moja, macho yamefifia na mikono inatetemeka mpaka kikombe kinagonga meno. Mumewe, Anselmo, alikwenda Columbus kwa binti yao kutibiwa moyo, corona ikamkuta huko huko, Mei ya mwaka elfu mbili na ishirini. Mwalimu aliyaona mazishi kwenye simu, na mtandao ulikatika kabla jeneza halijashuka, basi kwake hayakuwahi kwisha. Spés aliajiriwa mwezi uliofuata. Anselmo mwenyewe hakuwahi kumwona, ila picha yake tu ukutani, mzee mwembamba mwenye shati jeupe lililofungwa vifungo vyote.

Kwao Ufilipino, siku ya uchaguzi shule hugeuka vituo na walimu huketi mezani watatu watatu: mwenyekiti, karani na mjumbe wa tatu. Mwalimu Perpetua alikuwa mwenyekiti miaka thelathini. Alistaafu kufundisha watoto, akaendelea kumfundisha Spés. Huwezi kumkata kucha bila kusikia kwamba uchaguzi ni Jumatatu ya pili ya Mei; kwamba rais anapewa miaka sita, kipindi kimoja, hata awe malaika; kwamba anayenunua kura na anayeuza wote wana kosa; kwamba aliye ng'ambo hupiga kura pia, lakini akiacha chaguzi mbili mfululizo jina lake linaondolewa. Na kwamba kila mwezi msajili wa vifo hupeleka majina ya waliofariki kwa ofisa wa uchaguzi, ili yafutwe daftarini.

"Maana kwetu," alisema Mwalimu, "marehemu wanapenda sana kupiga kura."

Spés alipenda kunisimulia hayo kwa simu, tukacheka. Kisha ikaja siku ya Februari, mwaka wa uchaguzi wao, elfu mbili na ishirini na mbili. Spés alikuwa anaosha vyombo, mikono ina povu, simu ya nyumba ikalia. Aliyepiga alikuwa mama mmoja wa Kifilipino aliyejitolea kuhakiki anwani za wapiga kura wa Kentucky kabla karatasi za kura hazijatumwa kwa posta. Akauliza kama Perpetua Galang yupo. Spés akasema yupo. Akauliza, "Na Anselmo Galang?"

Spés akasema, "Yupo."

Hakuna mtu mwingine duniani ambaye angejibu hivyo. Ila sisi wa Mtabila tungejibu hivyo, wote.

Mama yake Spés, Dative, alikufa Spés akiwa na miaka kumi na mitatu. Kadi ya mgao ilikuwa na majina matano. Jina likifutwa, unga unapungua, na mwenye njaa hana miiko. Kwa hiyo tulimzika Jumapili mchana, majirani wakiwa kanisani, bila kilio, tumeuma khanga. Nyumba nyingi zilikuwa na mtu wa namna hiyo. Tuliwaita watu wa karatasi. Kiongozi wa bloku akipita akiuliza Dative yupo, tunasema yupo, amekwenda kuni. Siku ya kuhesabiwa watu, Spés alipita kwanza kwa jina lake, akachovywa kidole kwenye wino usiofutika. Nikamsubiri nyuma ya vyoo, nikamsugua kidole kwa ndimu na majivu mpaka ngozi ikatoka. Akajifunga kitenge cha mama yake, akarudi kwenye mstari. Karani akaita, "Dative." Spés akasema nipo. Karani akamtazama muda mrefu, akapiga alama ya vema.

Jioni ile Spés aliniambia kwamba aliposema nipo, nyuma yake kuna mtu mwingine alisema pia. Nilimpiga kofi. Nilikuwa na miaka kumi na saba na niliogopa sana.

Basi, simu ilipokatwa kule Louisville, Spés aliendelea kuosha vyombo. Anasema alimaliza sahani zote ndipo akaelewa alichosema. Akajipa moyo kwamba ni jambo dogo. Saa tisa alasiri akakuta kiti cha dirishani kimevutwa nje ya meza, kama mtu alivyokiacha akienda kuchukua chumvi. Akakirudisha. Alipotoka kumwogesha Mwalimu, kilikuwa kimevutwa tena.

Toka hapo ikawa kila siku, saa tisa. Kiti. Kijiko cha pili kilicholowa. Kikohozi kwenye korido, kifupi, cha adabu, kikohozi cha mtu aliye kwenye foleni anayetaka wajue bado anasubiri. Spés alisali rozari na kuongeza sauti ya redio. Mwalimu yeye hakushtuka. Alinyoosha uso na kusema, "Anselmo, keti." Akaanza kula vizuri, hata mashavu yakarudi.

Aprili bahasha zikaja, mbili: moja ya Perpetua, moja ya Anselmo. Ndani kila moja ina karatasi ya kura, bahasha ya kurudishia, na karatasi ya kubandika kama muhuri. Mwalimu alizipapasa kwa vidole, akalikuta jina la mumewe kwa kioo cha kukuzia. Kesho yake akamwita Spés mezani.

"Sheria inasema asiyeweza kuandika mwenyewe husaidiwa na ndugu, au na mtu wa nyumbani anayemwamini," alisema. "Mimi nitakutajia majina. Wewe utakuwa mkono wangu. Kisha utakuwa mkono wa Anselmo."

"Mwalimu, Mzee hayupo karibu," alisema Spés.

"Yupo. Wewe mwenyewe ulisema kwenye simu. Nilisikia."

Ndipo Spés akanipigia, analia. Nilimsikiliza mpaka mwisho, na sitaficha kwamba nilimfokea. Nilimwambia mficha maradhi kifo humuumbua, na yeye amekificha kifo chenyewe. Nilimwambia mwanamke aliyekaa mezani miaka thelathini, ambaye diwani mmoja aliwahi kumwekea bastola juu ya daftari naye akamwomba aiondoe kwa sababu inaziba majina, sasa anakwenda kuiba kura moja ya mumewe, na mkono utakaoiba ni wako.

"Najua, dada Fides," alisema. "Lakini nikimwambia amekufa, atabaki na nani?"

Mimi mambo yakinizidi huwa nakata tiketi. Nilipanda basi hadi Columbus, alikozikwa Anselmo. Spés na Mwalimu wakaja kwa gari la Spés. Tulikutana kwa binti wa Mwalimu, muuguzi, amechoka, macho mekundu ya shifti. Alikuwa na cheti cha kifo cha Ohio kwenye faili la bili. Hakuwahi kupeleka taarifa kwa ubalozi mdogo wa Ufilipino, hakujua kama inatakiwa. Alitupatia nakala, akatupeleka makaburini.

Jiwe lilikuwa moja kwa wawili. Upande wa kushoto Anselmo, tarehe mbili. Upande wa kulia Perpetua, tarehe moja, na mbele yake pamelainishwa, panang'aa, panangoja. Wao waliona kawaida. Mimi nilijikunyata ndani ya koti. Mwalimu alipapasa herufi za jina lake moja moja, akatabasamu.

"Hapa nimeandikishwa mapema," alisema. Upande wa Anselmo hakuugusa.

Tulirudi Louisville sote watatu. Njiani Mwalimu alikaa nyuma, uso ameuelekeza kwenye kiti kilicho tupu pembeni yake. Mara mbili alisema, "Ndiyo, ndiyo." Nilijifanya nimelala.

Siku ya pili baada ya chakula cha mchana Mwalimu aliomba avalishwe gauni lake la bluu. Akataka meza itolewe vitu vyote isipokuwa bahasha mbili, cheti, daftari na kalamu mbili, nyeusi na nyekundu. Akaketi upande wa ukutani. Akamkalisha Spés mkono wake wa kulia.

"Wewe ni karani," alisema. "Fides ni mwangalizi. Mwangalizi anatazama, hasemi." Nilifungua mdomo, akanyoosha kidole, nikaufunga. Kisha akaonyesha kiti cha dirishani. Saa ya jikoni ilikuwa saa tisa kasoro dakika mbili, na kiti kilikuwa kimesukumwa vizuri ndani ya meza. Nililiona hilo kwa macho yangu. "Na pale ni mjumbe wa tatu."

Alianza na jina lake mwenyewe. Galang, Perpetua. Akauliza kama kuna anayepinga, hakuna. Akataja aliowachagua, rais, makamu, maseneta kumi na wawili na chama kimoja cha kuingia bungeni, kwa sauti ya chini sikioni mwa Spés, maana kura ni siri hata kwa mwangalizi mwenye mdomo. Spés akajaza viduara, Mwalimu akasaini kwa kutetemeka, muhuri ukabandikwa.

Kisha akainua bahasha ya pili juu, kama walivyofanya shuleni kwao ili kijiji kizima kisikie.

"Galang, Anselmo. Yeyote aliye mezani anayejua kwamba huyu hastahili kupiga kura, ni wajibu wake apinge. Kuna anayepinga?"

Kikohozi kilitoka kwenye korido. Kifupi, cha adabu. Nilimtazama Spés. Kidole chake cha shahada kilikuwa kinajisugua kwenye kidole gumba, kinasugua, kinasugua. Nimemjua toka ana miaka minne, na nilikuwa sijawahi kumsikia akisema kwamba mtu yeyote amekufa. Hata Dative, mpaka leo, husema hayupo karibu.

"Napinga," alisema Spés. Nilidhani ameishia hapo. "Amekufa, Mwalimu. Alikufa Columbus. Mimi ndiye niliyesema yupo, nilidanganya. Amekufa." Akaanza kulia kwa sauti, kilio cha wazi cha msibani, kile tulichokimeza kambini.

Mwalimu alimwacha alie. Hakuharakisha. Kisha akauliza kama kuna ushahidi, Spés akasukuma cheti mbele, Mwalimu akaweka kiganja juu yake bila kukisoma.

"Pingamizi huamuliwa kwa wingi wa kura za meza," alisema. "Karani?"

"Akubaliwe," alisema Spés, kisha akajisahihisha haraka. "Pingamizi likubaliwe. Afutwe."

Sasa zamu ilikuwa ya mwenyekiti. Nilitaka kusema jambo, lolote, lakini mwangalizi hasemi. Mwalimu akaandika kitu daftarini mwenyewe, kwa mwandiko mbaya, akakifunika kwa mkono. Akageukia dirishani.

"Mjumbe wa tatu?"

Sikuondoa macho kwenye kile kiti. Hakuna aliyekigusa, Spés alikuwa ng'ambo ya meza, Mwalimu hawezi kuinuka bila kushikwa. Kiti kilirudi nyuma taratibu, miguu yake ikikwaruza sakafu, kadiri ya mtu anayesimama ili aende zake. Kikatulia. Korido ilikuwa kimya.

Mwalimu alisikiliza mkwaruzo ule hadi ulipokoma. Aliinamisha kichwa kidogo, kama mtu anayepokea taarifa ya kazini, akaichukua kalamu nyekundu, na kwa mkono ambao kwa mara ya kwanza haukutetemeka akapiga mstari juu ya jina la mumewe kwenye bahasha.

"Wawili dhidi ya mmoja," alisema. "Afutwe."

Akaondoa mkono wake daftarini. Kwenye mstari wa mwenyekiti alikuwa ameandika: Yupo.