Ethi ya Mama Mkwe

Mimi ni fundi wa laini kubwa za umeme, na kazini sina mzaha. Hata tukiambiwa laini imezimwa, siigusi kabla hatujaifunga ethi, yaani waya wa kupeleka umeme ardhini. Wenzangu huniita mwoga. Mimi huwajibu kwamba kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio.

Huko ukweni, eneo la Usenge, uoga wangu ulikuwa wa aina nyingine. Kwetu mkwe haingii jikoni kwa mama mkwe, wala hampandishii sauti. Jumamosi hiyo nilikaa sebuleni na mke wangu, mpole kama bwana harusi, mama mkwe akiosha vyombo jikoni.

"Nawaletea soda," alisema kupitia mlangoni. "Hii friji siku hizi inauma vidole, lakini ni mikono yangu tu imezeeka."

Nikainua kichwa. Alikuwa pekupeku kwenye sakafu yenye maji, mkono unachuruzika, ameunyoosha kuelekea friji.

"Usiguse!"

Nilimfokea mama mkwe. Nikaruka meza, nikaingia jikoni na viatu vyangu, nikazima swichi kuu. Yeye alibaki ameduwaa, mkono hewani. Mke wangu alinitazama kama mtu aliyegundua kwamba ameolewa na mwendawazimu.

Nje, waya wa ethi ulikuwa unaning'inia ukutani, haujafungwa popote. Chuma chake, kile kinachopaswa kuzama ardhini, nilikikuta nyuma ya nyumba kimefungiwa ndama.

"Ni mimi nilitoa," mama mkwe alisema. "Ilikuwa imekaa tu hapo, haifanyi kazi."

Hasira zilinipanda, nikazimeza. Nikakipigilia chuma pale kilipokuwa, nikafunga waya, nikabadilisha pia waya mwingine uliochubuka nyuma ya friji. Nikawasha, nikapima mara tatu. Kisha nikaigusa friji mimi mwenyewe. Haikuniuma. Jamani, nilipumua! Nikaketi chini palepale jikoni, mahali nisipotakiwa hata kukanyaga.

"Mama, nisamehe. Nimekufokea, na nimeingia jikoni kwako."

"Baba, ungeniheshimu leo, kesho ungebeba jeneza yangu."

Mke wangu, aliyekuwa ameninunia tangu nipige kelele, akaja akamshika mama yake mikono yote miwili, akaanza kuikagua kidole kwa kidole.