Mkebe wa Mabaki ya Dawa

Kuna siku moja nikiikumbuka, mwanangu, siwezi kukaa. Asubuhi umeniambia kwa simu, "Anti, ni homa kidogo tu, mwenzangu wa chumba amenipa tembe zilizobaki." Tangu hapo nimekaa, nimeinuka, chai imepoa. Sasa hupokei simu. Basi soma ujumbe huu, ingawa sikukuzaa mimi.

Tulikuwa chuoni Homa Bay, mimi na rafiki yangu Atieno, kitanda chake juu, changu chini. Sisi watu wa ziwani tunajua kila joto la mwili ni malaria, daktari wa nini? Hosteli nzima tulikuwa na mkebe mmoja, wa majani ya chai. Ukimeza dawa hadi kichwa kikatulia, tembe zilizobaki unazitia humo zimfae mwenzako. Tuliuita upendo.

Juma la mitihani Atieno akashikwa na homa. Akachota mkebeni, akapata nafuu, akarudi darasani. Homa ikarudi. Akachota tena. Chakula kikamshinda, akawa anakunywa maji tu, yale yale ya ziwani tuliyokuwa wavivu wa kuchemsha. Na ole wako umtajie hospitali, maana angekosa mtihani!

Ndipo akaja Waya, shangazi yangu muuza omena, wale dagaa wa ziwani, kuniletea unga. Alimgusa Atieno shingoni, akasahau hata kusalimu.

"Amepimwa?"

"Ni malaria tu, Waya."

"Yawa! Nani amewaambia? Huu mkebe?" Akautikisa, tembe zikalia ndani. "Dawa mnaionja kama mchuzi! Nyathina, mwanangu, inuka twende."

"Mtihani, Waya..." Atieno alilia.

"Maiti hafanyi mtihani!"

Akambeba mgongoni hadi barabarani. Hospitalini wakapima: haikuwa malaria, ilikuwa taifodi, na utumbo ulikaribia kutoboka. Daktari akasema tungechelewa kidogo tu, tungemzika.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Kwa hiyo toka kitandani hapo chuoni Rongo, nenda zahanati upimwe kwanza. Ukipewa dozi yako, imalize hata ukijiona mzima, na usimgawie mtu. Maji chemsha. Kula chakula, si chai na mandazi kutwa kucha, na ulale, vitabu havikimbii. Moyo nao huugua, usiuonee haya: ukikulemea, usijifungie, sema na mtu.

Atieno alifanya mtihani mwaka uliofuata. Akafaulu, akaolewa huko Oyugis, akakuzaa wewe. Mama yako hapendi kuisimulia hadithi hii. Lakini bila mdomo mkali wa Waya, leo nisingekuwa na mtoto wa kumkemea.

Mungu akuinue, mwanangu, uzeeke hadi uwachoshe wajukuu wako kwa maneno kama haya. Sasa vaa viatu. Nipigie ukiwa kwenye foleni. Simu nimeishika mkononi.