Haragwe la Thelathini na Mbili

Mbio za kigango chetu pale Kitanga hazina kilomita. Usiniulize ni ngapi. Mwalimu mmoja aliwahi kukimbia na simu mfukoni, ikamwambia saba na ushee. Mwaka uliofuata ikamwambia nane kasoro, akataka kugombana na simu. Kosa lilikuwa langu. Mimi ndiye ninayekaa pale pa kugeukia, na kiti changu nakiweka penye kivuli, popote kivuli kilipo. Watu wanakimbia kutoka kanisani mpaka nilipo, nampa kila mmoja punje ya haragwe kuthibitisha kwamba amefika, wanarudi. Bila haragwe, hata ukiwa wa kwanza umejisumbua bure. Zamani vijana walikuwa wanakuja na maharage ya kwao mfukoni na kugeukia njiani, wajanja hao! Siku hizi aina ya haragwe tunaichagua asubuhi hiyo hiyo, na ni siri ya watu watatu.

Baba yangu hajawahi kukosa mbio hizi. Ana miaka sitini na kitu, vijana wanamwita Injini. Mwaka jana nilitaka akose. Wiki mbili kabla nilimpeleka Kasulu mjini kupima, presha ikawa juu mpaka daktari akarudia kipimo. "Mzee, mbio basi," akamwambia. "Tembea tu." Tulipotoka nje baba akanishika mkono: "Mama yako asijue." Nikakubali, mjinga mimi.

Asubuhi ya mbio nikamkuta amevaa bukta. Hasira zilinipanda. "Sikio la kufa halisikii dawa!" nikamwambia, tena mbele ya mama, naye akacheka akidhani ni utani. Baba akafunga kamba za raba bila kunitazama. Njiani nikienda kukaa kwenye kiti changu, lile neno la kufa likawa linanirudia. Mtu gani anamwambia baba yake hivyo?

Wakimbiaji walikuwa thelathini na wawili, na maharage thelathini na mawili nilikuwa nimeyafunga kwenye pindo la kitenge. Wakaja vijana kwanza, wananyakua na kuondoka. Wakaja kina mama, wengine peku, mmoja akaniambia, "Ongeza kilo mbili nikapike!" Sikucheka. Kila aliyefika nilimuuliza, mzee mmemwona? Yupo nyuma, walisema. Wa mwisho alikuwa mwenye duka la nguo, Mwislamu anayekimbia mbio zetu kila mwaka kwa kupenda tu. Akafuta jasho.

"Sijamwona, dada. Nilidhani ameshapita."

Akageuka akaenda. Kwenye pindo likabaki haragwe moja.

Niliogopa. Nilisimama, nikakaa, nikasimama. Nimpigie mama nimwambie nini, kwamba nilijua? Niende kumtafuta, je, akipitia njia ya migombani tukapishana? Nikamwambia Mungu wazi: kama ameanguka, nimemuua mimi kwa kunyamaza kwangu. Barabara ilikuwa tupu, vumbi lote limeshatulia.

Akatokea konani, anatembea, mkono kiunoni, midomo imekauka.

"Yewe, baba!" Nikamkimbilia. Akanyoosha kiganja.

"Nipe nigeuke."

"Sikupi. Naita pikipiki."

"Mwanangu, watu wananisubiri kanisani."

"Wasubiri! Wamesubiri mvua mwezi mzima, watashindwa kukusubiri wewe?"

"Nipe haragwe langu."

Ilikuwa ile sauti ya utotoni mwangu, ambayo ukiisikia unaacha unachofanya na kutii. Nilikuwa sijawahi kumkatalia baba kitu, hata alipokosea. Nikalifungua pindo, nikalichukua lile haragwe, na badala ya kumpa nikalitupa kwa nguvu zangu zote ndani ya shamba la mihogo.

Baba akaitazama ile mihogo. Nikasubiri kofi, na umri wangu huu. Akapita pembeni yangu, akakaa kwenye kiti changu polepole, akaweka mkono kifuani.

"Nimekuja njia nzima naogopa," akasema. "Naogopa utanipa."