Kidari Kwenye Jani la Mgomba

Krismasi iliyopita nilimwonea wivu bibi kizee kwa ajili ya nyama. Nina mvi, nina watoto wa sekondari, na bado roho iliniuma kama mtoto aliyenyimwa andazi.

Mbuzi nilimleta mimi. Nilimfuata mpaka Kahe, nikampandisha kwetu Kilema, nikiwaza jambo moja tu: mama ale kidari. Nyumbani kwetu mbuzi akichinjwa kila mtu ana fungu lake, na kidari ni cha mama. Nilitaka nimwone akikila, aseme mbele ya ndugu zangu wote kwamba leo ameshiba kwa mkono wangu.

Kaka alipomkabidhi kidari, mama alikigeuza geuza, akakata jani la mgomba, akakifunga vizuri.

“Kipeleke kwa jirani,” akaniambia.

Jirani mwenyewe ni huyo bibi. Anaishi peke yake, watoto wake wamepotelea mbali, hana kuku wala ng'ombe. Maziwa ya kwetu anakunywa yeye, ndizi zetu anakula yeye. Nikimpigia mama simu kutoka Moshi mjini, nasikia habari za magoti ya jirani kabla ya habari za magoti ya mama. Wanasema mcheza kwao hutunzwa. Mimi nilicheza, akatunzwa jirani.

Nilikipeleka. Shikamoo yangu ilitoka mdomoni tu. Bibi alicheka kwa furaha, akanibariki mimi na watoto wangu, nami nikarudi nimenuna.

Mama alikuwa jikoni ananipakulia mtori, supu yetu ya ndizi, wa kwenda nao mjini. Nikashindwa kunyamaza.

“Mama, mimi ukinipa chakula unatia kwenye bakuli, na unanionya nisilipoteze. Yule kila siku anapewa kwenye jani, hadaiwi hata shukrani. Mimi nimekukosea nini?”

“Chombo kinarudi kitupu?” akaniuliza.

Hakirudi kitupu. Huku kwetu ukiletewa kitu kwenye bakuli, unalirudisha na mayai, au maharage, au chochote ulichonacho. Hata mtoto mdogo anajua.

“Basi yule nikimpa bakuli, atakosa usingizi akitafuta cha kutia humo. Si tumefundishwa kutoa bila kutarajia malipo? Sadaka ya kumkosesha mtu usingizi nitaipeleka mbele ya Mungu kwa uso gani?”

“Na mimi je?” Nilisikia sauti yangu ikilalamika, na sikuweza kuizuia.

Mama alifunika bakuli, akalifunga kwa kitambaa, akanisogezea.

“Kwako sina wema huo,” akasema. “Kwako nataka kitu. Nataka urudi.”

Nililipokea kwa mikono miwili. Bakuli lake jingine lilikuwa kabatini kwangu, hapo chini tu mjini, tangu Pasaka.