Kitabu cha Hospitali cha Mdogo Wangu

Mwezi uliopita nilimsindikiza mdogo wangu hospitalini Nakuru, na tangu siku hiyo nina wivu ambao sijui niupeleke wapi. Usicheke. Najua mtu mwenye mvi kichwani hapaswi kuionea kompyuta wivu. Lakini wewe unanijua: mimi na kijicho tumelelewa nyumba moja.

Mambo yalikuwa hivi. Muuguzi, binti mwenye kucha za zambarau, aliomba kitambulisho cha mdogo wangu, akabonyeza namba, na kabla sijapata pa kuweka mkoba, historia yote ya kifua chake ilikuwa imejipanga kwenye skrini. Juu kabisa, kwa rangi nyekundu, paliandikwa kwamba mgonjwa huyu asipewe dawa za salfa.

"Kumbe wewe salfa hupatani nayo," muuguzi akasema bila hata kuinua macho.

Mdogo wangu akaitikia tu, kama mtu aliyeulizwa anakaa wapi. Mimi ndiye niliyetafuta kiti.

Zamani, tulipokuwa watoto kule Subukia, maneno hayo yalikaa mahali pamoja tu duniani, nayo ni kwenye daftari. Unakumbuka vitabu vya hospitali? Ulinunua daftari la kawaida la shule, ukaenda nalo zahanati, daktari akaandika humo ugonjwa na dawa, ukarudi nalo nyumbani. Zahanati yenyewe haikubaki na chochote. Ukija mikono mitupu, karani wa mlangoni alikurudisha. Nyanya yetu, tuliyemwita Cucu, aliyetulea mama akiwa kwenye mashamba ya maua Naivasha, alivifunika vitabu vyetu kwa karatasi ya kaki na kuviweka ndani ya mkebe wa biskuti juu ya kabati. Hakujua kusoma, na kwa hiyo aliviheshimu kuliko sisi tuliojua. "Mimi nitasahau," alikuwa akisema, "kitabu hakisahau."

Changu kilikuwa na kurasa mbili zilizoandikwa. Moja ya surua, moja ya mwiba. Cha mdogo wangu kilikuwa kinene, daftari la pili limeshonewa kwenye la kwanza, kina mihuri, kina kalamu za rangi tatu. Nyanya akienda kukamua, nilipanda kiti, nikafungua mkebe na kukisoma kile kitabu jinsi wenzangu walivyosoma hadithi. Yale maneno mekundu ya ukurasa wa kwanza, kwamba asipewe salfa, niliyajua kwa moyo. Hakuna mtu aliyewahi kuniandika mimi kwa wino mwekundu, isipokuwa mwalimu wa hesabu.

Na siku ya kliniki ndiyo iliyoniua kabisa. Nyanya alipasha maji, akamsugua mdogo wangu miguu mpaka ikang'aa, akampaka mafuta, akamvalisha sweta ya Jumapili. Mimi niliachiwa nyasi ya ng'ombe na debe la mahindi ya kupukuchua, vidole vikiota malengelenge. Wakitoka zahanati walipitia hoteli ya sokoni: chai ya maziwa yenye tangawizi, mandazi mawili, na yai la kuchemsha, kwa sababu mtoto ana kifua. Alirudi akinuka mandazi, akanisimulia kila tonge. Nikaamua na mimi niugue. Nilikohoa wiki nzima, tena kwa bidii. Nyanya alinisikiliza siku ya kwanza, siku ya pili akanipa asali na kitunguu saumu, siku ya tatu akanipa panga. "Hicho ni kikohozi cha uvivu," akasema, "kitaisha ukikata nyasi."

Basi usiku wa kuamkia siku moja ya kliniki nilikitoa kitabu chake kwenye mkebe nikakificha ghalani, chini ya magunia. Hesabu yangu ilikuwa nyepesi. Bila kitabu, karani atawarudisha. Wakirudishwa, hakuna hoteli, hakuna yai, na mdogo wangu atakuja tupukuchue mahindi wawili. Sikutaka zaidi ya hapo, na ukitaka niape, nitaapa.

Nyanya alitafuta mpaka chini ya kuku anayeatamia. Akaniuliza, nikasema sijakiona. Kifua cha mdogo wangu kilikuwa kikipiga miluzi, kwa hiyo hakungoja zaidi. Alimbeba mgongoni, mtoto wa miaka saba, na kwenye kioski cha langoni pa zahanati akanunua daftari jipya. Hilo sikuwa nimelifikiria. Karani akawapitisha. Daktari aliyetujua alikuwa likizo, na aliyeshika nafasi yake aliuliza kama kuna dawa ambayo mtoto hapatani nayo. Nyanya akamjibu ukweli wote aliokuwa nao: kitabu ndicho kinachojua.

Jioni midomo ya mdogo wangu ilivimba. Kisha macho yakafunga. Nyanya alikuwa akimpepea kwa leso, akiuliza watu na Mungu ni nini hiki, naye hakujua. Mimi nilijua. Nilisimama karibu na meko, mwiko mkononi, neno moja likiwa kooni, nikanyamaza. Kusema salfa kungekuwa kusema kitabu kiko wapi. Jirani yetu mwenye pikapu ya kubebea maziwa ndiye aliyewakimbiza Nakuru, na nilibaki nikitazama taa zake mpaka zikaisha kwenye kona ya kahawa.

Mdogo wangu alipona, unamjua. Lakini alilazwa zaidi ya wiki, na kabla hajarudi nilikuwa nimekichoma kile kitabu karatasi moja moja chini ya sufuria ya githeri. Mihuri, kalamu za rangi tatu, vyote. Yale maneno mekundu yaliungua sawa na mengine.

Mama alikuja kutoka Naivasha na sare ya kazi mwilini. Hakupiga kelele. Alimwambia nyanya, "Mama, ni kitabu kimoja tu. Hata hicho kimekushinda?" Nyanya akatazama mikono yake, akasema atakuwa amekiweka mahali, kichwa chake kimeanza kuzeeka. Kutoka siku hiyo alishona mfuko wa kitambaa, akatia lile daftari jipya, akauvaa shingoni ndani ya sweta. Alichuma kahawa nao. Alienda kanisani nao. Akina mama wenzake walimtania wakamwita Mama Kitabu, naye akacheka nao. Aliuvaa mpaka mdogo wangu akamaliza shule, na alikufa akiamini kwamba kichwa chake nusura kiue mtoto. Wanasema kikulacho ki nguoni mwako. Chake kilikuwa kikilala mgongoni pake kila siku, chini ya blanketi moja.

Sasa unaelewa kwa nini naionea wivu kompyuta. Tena si hiyo peke yake. Mdogo wangu ana simu inayomkumbusha kupuliza dawa asubuhi na jioni. Mimi hakuna anayenikumbusha chochote. Yuko daktari Nairobi anayemtazama kwenye video na kumwambia avute pumzi, aachie, vizuri sana. Vitabu vya kaki vimekwisha, mikebe ya biskuti siku hizi ni ya sindano na uzi. Nawaonea wivu watoto wa leo. Mwenye kijicho na awe nacho, hana cha kuficha ghalani. Na zaidi ya yote naona wivu kwa niaba ya nyanya, ambaye hayupo, kwa ajili ya kitu ambacho hakukipata.

Siku hiyo mtandao ulipotea katikati, tukakaa kwenye benchi pamoja na nusu ya Nakuru tukingoja urudi. Uliporudi muuguzi akatuita tena.

"Next of kin hapa bado ni mama yenu."

"Mama alituacha," mdogo wangu akasema.

"Ooh, pole. Sasa tuweke nani? Mtu anajua story yako vizuri, hata siku hauwezi kuongea."

Nilijua atamtaja binti yake, na nitakuambia bila haya kwamba nilikuwa nimeshaanza kumwonea wivu yule mtoto.

"Weka huyu dada yangu," akasema. "Huyu anajua kila kitu yangu tangu tukiwa wadogo." Akaitaja namba yangu kwa kichwa, tarakimu zote, bila kufungua simu.

Muuguzi akaniuliza kama ni sawa. Nikasema ni sawa. Akabonyeza, na nikaliona jina langu likiingia chini ya lake.

Tulitoka nje, mdogo wangu amenishika mkono kwa sababu ya ngazi. Nilikuwa nimefungua mdomo. Naapa nilikuwa nimeufungua.

"Cucu angekuwa na hii kitu," akasema, "mama hangemwambia yale maneno. Maskini. Alikuwa ameanza kusahau."

Nikamwambia ni kweli, alikuwa ameanza kusahau.