Kompyuta Iliyofunikwa Kitenge

Mwaka wa elfu mbili na nane, Pinga, mji wetu mdogo wa Kivu, Kongo, haikuwa na rezo, yaani mtandao wa telefone, lakini nyumbani kwa Papa Athanase, muuza chumvi na sabuni, mlikuwa na kompyuta, na sahani ya internet juu ya bati. Aliinunua kwa watu wa mradi fulani walipokimbia vita. Siku jenereta ilipowashwa, watu walijaa mpaka dirishani. Raha ya siku ile, acha tu.

Aliyeipenda kuliko wote ni mkewe, Mama Kanyere. Mtoto wao Mbusa alimfundisha kuandika kwa kidole kimoja kabla ya kurudi masomoni Goma. Barabara ilipofungwa, hiyo mashini njo ilimwambia kama mtoto wake bado anapumua.

Kisha ndugu yao Hilaire akaandika kutoka Goma: "Mbusa wetu amepigwa bomu. Ametuacha." Basi, hakuongeza kitu, na anajiita msomi! Wanande, kabila lao, huita watoto kwa nafasi ya kuzaliwa, na ukoo ule ulikuwa na akina Mbusa watatu.

Kanyere alilia, kisha akashtuka. "Athanase, washa mashini nimuulize Hilaire ni Mbusa gani."

Wifi yake Colette akamkatiza: "Mu nyumba ya matanga hata radio haiimbe. Weye mama ya marehemu njo unataka kucheza na mashini? Batu watasema nini?"

Athanase akaifunika kitenge. Watu watasema nini! Haya, watu hawakusema kitu, na heshima ya nyumba ikabaki.

Matanga yalipokwisha, Kanyere alifungua akakuta barua mbili za mwanawe. Ya kwanza: "Mama, aliyekufa ni Mbusa ya baba mukubwa. Miye niko muzima. Huku batu wanakimbia, nataka kuja kwa miguu. Njia iko salama?" Ya pili: "Mama, haujibu. Naogopa juu yenu. Natoka leo."

Njia haikuwa salama, na Pinga nzima ilijua. Mwendesha pikipiki mmoja alimwona njiani, kijiji cha Kingi, akipanda kuja huku. Toka hapo hakuna aliyemwona tena.

Colette alipokuja kupanga matanga mengine, Kanyere alimfungia mlango. Akaketi mbele ya kompyuta, akaandika: "Mbusa, usitoke Goma." Akaituma.