Viazi Kwanza

Gunia la viazi limemwagwa hapa sokoni Nakuru, na harufu ya udongo ni ile ya shambani kwetu Kuresoi. Siku moja nikiwa mtoto, mvua ilikuwa inashuka kutoka mlimani. Viazi tulivyochimba vilikuwa wazi, na vikilowa vingeoza kabla lori halijafika. Karo yetu ilikuwa hapo.

“Wewe, ndama. Wewe, shika mtoto,” mama aliwaambia dada zangu, kisha akanigeukia. “Sisi wawili, viazi.”

“Na nguo za kanisa, mama? Ziko kwa kamba!” nikamuuliza.

“Mungu ameshaziona. Leta mabua!”

Tulifunika rundo lote. Jumapili tulienda kanisani tukinuka moshi wa jikoni, nguo zilikokaushiwa.

Sasa kunanguruma. Nimeacha nguo zimeanikwa huko nilikopanga chumba, na sina wa kumtuma.